Maua Yasiyoshuka Mlimani

Nilikipakata kile kichipukizi kutoka Mandege hadi Kilosa kama mtu anavyompakata mtoto mwenye homa. Kilikuwa ndani ya galoni la mafuta ya kula lililokatwa nusu, mizizi imezungushiwa kitambaa kibichi, na juu yake nimefunika jani la mgomba ili upepo wa dirishani usikipige. Bodaboda hadi Gairo, basi hadi Dumila, kisha Noah ya kuja Kilosa kupitia Rudewa. Kila tulipoteremka nililifunua lile jani kidogo nikachungulia. Gairo majani yalikuwa bado yamesimama. Dumila yalikuwa yameanza kulegea. Saa tisa alasiri, tuliposhuka stendi ya Kilosa, mmea wangu ulikuwa umelala kama mchicha uliotoka sufuriani.

Jioni niliupanda chini ya mwembe, penye kivuli kizito kuliko pote pale nyumbani, nikaumwagilia. Alfajiri nikaukuta umeinuka. Nilimwita mama aje aone. Siku tatu ulisimama hivyo, na siku ya tatu ukafungua ua moja la rangi ya waridi, dogo, lenye mkia mwembamba nyuma kama mkia wa panya mchanga. Siku ya nne bua lilikuwa limeoza usawa wa ardhi. Nilipoligusa likakatika vidoleni, na maji yaliyotoka ndani yake yalikuwa na uvuguvugu.

Ule uvuguvugu sijausahau. Mlimani nilikoung'oa, bua la mmea ule ule lilikuwa baridi kama kioo cha dirisha asubuhi.

Aliyenipa alikuwa bibi mmoja aliyenikaribisha uji baada ya mvua kunikuta njiani. Mmea ulijiotea nyuma ya jiko lake, kando ya mfereji mdogo unaoshuka kutoka msituni. Nilipomwomba alinyamaza kwanza, akautazama, kisha akaniambia, "Hilo si ua la mtu, mwanangu. Hilo ni la maji. Chukua, ila huko kwenu litalia." Nilimshukuru, nikachukua kijiti nikachimba. Nilidhani ananipa baraka za kizee. Sasa naamini alikuwa ananieleza elimu ya mimea kwa ufupi kuliko kitabu chochote nilichokuja kukisoma baadaye.

Mmea huo ni wa jamii ambayo wataalamu huiita Impatiens, yaani asiye na subira. Jina limetokana na tumba lake la mbegu. Likikomaa na kuguswa, hata kwa tone la mvua, hupasuka ghafla, kuta zake hujikunja na mbegu hurushwa mbali. Watoto wa milimani hucheza nalo. Afrika ya Mashariki ina aina nyingi za jamii hii, na nyingi kati yake haziishi ila kwenye mlima mmoja au miwili. Ndiyo maana majina yao ya kitaalamu yanasomeka kama safari: liko la Usambara, liko la Uluguru, liko la Kilimanjaro, na liko la Ukaguru. Ndugu yao mmoja mwenye moyo mpana zaidi, anayeota hata kwenye nyanda za chini penye unyevu, ndiye aliyeushinda ulimwengu. John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, alipeleka mbegu zake kwao, na mwaka 1882 Joseph Hooker wa bustani ya Kew akautangaza mmea ule kwa jina la Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Wakati ule aliyeketi kitini alikuwa Sayyid Barghash. Baadaye iligunduliwa kwamba ni mmea ule ule uliokwisha kupewa jina la Horace Waller, mmisionari aliyekuwa na Livingstone upande wa Zambezi, na jina la Waller ndilo lililobaki. Leo mmea huo hupandwa kwa mamilioni kwenye vivuli vya bustani za Ulaya na Marekani, na wengi wanaoumwagilia hawajui kwamba zamani ulikuwa na jina la sultani wetu.

Kwa hiyo ndugu wa ua langu anastawi London, naye mwenyewe hakuweza kuvumilia Kilosa, ambako akisimama juu ya paa angeuona mlima alikozaliwa.

Hesabu ni rahisi, na ni ya kikatili. Kila ukipanda mita 100, joto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi. Mji wa Kilosa uko kwenye kimo kisichofika hata mita 500, umelala pale mto Mkondoa unapotoka kati ya milima ya Rubeho na Ukaguru kuingia tambarare ya Mkata. Vilele vya Mamiwa-Kisara, msitu wa hifadhi ulio juu ya Mandege, vinapita mita 2,200. Kati yetu na pale kuna nyuzi kumi hivi. Lakini mchana si tatizo kubwa. Mchana unaweza kuudanganya mmea kwa kivuli, kwa maji, kwa turubai. Tatizo ni usiku. Mmea nao hupumua, na usiku, jua likiwa halipo, hutumia akiba ya sukari uliyotengeneza mchana. Baridi ya mlimani huupunguzia matumizi hayo, ukaamka na kitu mkononi. Usiku wa Kilosa wa mwezi wa Januari, ambao hata sisi tunalala juu ya mkeka sebuleni mlango wazi, mmea wa mlimani haupumziki. Unakesha ukila mtaji wake. Halafu udongo wetu ni mzito, ni tope la mto lililokauka, na ukimwagiliwa katika joto hewa huisha ndani yake na kuvu hupata karamu. Kila ndoo niliyoubebea kwa huruma ilikuwa inauongezea mzigo.

Wako wanaokwenda mbali zaidi na kutamani mimea ya juu kabisa, kule Kilimanjaro miti inakokoma. Nimeiona mara moja tu, kutoka njia ya watalii, na sitausahau mkao wake. Lobelia kubwa inayoitwa Lobelia deckenii hukusanya maji katikati ya majani yake yaliyopangwa kama bakuli. Usiku yale maji hushika barafu juu, na chini ya barafu kichipukizi hubaki salama. Asubuhi hufunguka. Jirani yake, dendrosenecio, mti wenye vichwa vya majani kama kabichi kubwa, hautupi majani yake makavu. Huyabakiza yakiuzunguka mwili kama blanketi kuukuu, na ndani yake shina halifiki kuganda. Mchana jua huchoma, usiku maji huganda, siku 365 za mwaka. Kiumbe aliyejifunza kuishi hivyo utampa nini Kilosa? Utamvua blanketi, kisha utamwambia apumzike?

Wazungu waliopenda mimea ya aina hii walijenga bustani za mawe, wakachanganya kokoto na mchanga ili maji yapite haraka, na waliokuwa na uwezo wakajenga nyumba za vioo. Pale Kew kuna moja iliyofunguliwa mwaka 2006, Davies Alpine House, ambayo haitumii mashine za kugandisha. Hewa hupitishwa kwenye vichochoro vya zege chini ya sakafu, hupoa humo, kisha huletwa juu kwenye mimea, na ile ya moto hutokea darini. Nilipoisoma habari hiyo nilikaa kimya nikakumbuka mtungi wa maji wa marehemu bibi yangu mzaa mama. Ulikaa kwenye pembe ya ukumbi, juu ya kigoda cha mchanga mbichi, na maji yake yalikuwa baridi bila umeme, kwa sababu udongo uliochomwa hutoa jasho, na jasho likikauka huondoka na joto. Tulikuwa tunaweka mashavu yetu pale tukitoka shule.

Ndivyo nilivyopata mmea mmoja wa mlimani ambao umekubali kukaa nami, na mpaka leo uko kwenye pembe hiyo hiyo, unaegemea mtungi huo huo.

Ulikuja kama jani. Mfanyakazi mwenzangu aliyekwenda kwao Lushoto kwa likizo alinikatia jani moja kutoka chungu cha dirishani kwa shangazi yake, akalifunga kwenye pakiti tupu ya sukari. Jani nene, lenye manyoya laini kama shavu la ng'ombe. Nililichomeka kikonyo chake kwenye kopo la mchanga uliochanganywa na majani yaliyooza ya mwembe, nikaliweka ubavuni mwa mtungi, penye unyevunyevu. Wiki ya saba hivi, nikiwa nimekata tamaa, chini ya lile jani kikaonekana kijani kidogo kuliko punje ya ulezi. Halafu cha pili. Sasa ni kishada cha majani cha upana wa sahani ya kahawa, na kipupwe kikiingia hutoa maua ya buluu iliyoelekea zambarau, yenye jicho la njano katikati.

Hiyo ndiyo saintpaulia, ambayo Wajerumani waliipa jina la urujuani wa Usambara. Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wao upande wa Tanga, aliikuta huko akaipeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka 1893 Hermann Wendland, msimamizi wa bustani ya Herrenhausen mjini Hanover, akaipa jina la ukoo huo. Miaka ya 1920 wakulima wa maua wa Los Angeles wakachambua mbegu na kuuza aina zao za mwanzo. Kutoka hapo ikawa ua la madirisha ya dunia nzima. Ndugu zake wa mwituni wamebaki kwenye miamba yenye kivuli ya Milima ya Tao la Mashariki: Usambara, Nguru, Uluguru, na yuko mmoja upande wa Kenya anayeishi Mbololo tu katika milima ya Taita. Tangu 2015 wataalamu wameiunganisha na jamii ya Streptocarpus, lakini mimi bado nasema saintpaulia, kama wauza maua. Inavumilia nyumbani kwangu kwa sababu baadhi ya jamaa zake huota chini kabisa, karibu na pwani ya Tanga. Damu yake inalijua joto kidogo. Hata hivyo mwezi wa Desemba huinamisha majani, nami huizungushia kitambaa kibichi chungu chake jioni, na huamka usiku kukilowesha tena.

Jambo moja linanisumbua katika habari hii yote. Lile jani la Lushoto lilikatwa kwa mtu aliyelilea, na mama yake akabaki dirishani kwa shangazi, mzima. Ule mmea wa Mandege niliung'oa na mizizi. Bibi alinipa ruhusa, ni kweli, lakini mimi ndiye niliyeshika kijiti. Nilikuja kulielewa zaidi hilo nilipopita Kitulo, uwanda ulio kwenye mita 2,600 hivi, kati ya Njombe na Mbeya, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Tangu 2005 ni hifadhi ya taifa, na hakuna hifadhi nyingine nchini iliyoanzishwa kwanza kabisa kwa ajili ya maua. Mvua zikikolea, okidi za ardhini zenye aina zinazokaribia hamsini hufunguka nyasini pamoja na maua mengine yasiyohesabika. Lakini kwa miaka mingi watu wamekuwa wakichimba viazi vya okidi hizo na kuvisafirisha hadi Zambia, ambako husagwa, huchanganywa na karanga na kupikwa chikanda. Mchimbaji hubeba gunia, mimi nilibeba galoni. Sina la kumwambia. Yeye alikuwa anatafuta ada ya shule ya mtoto, na mimi nilikuwa natafuta furaha, na kwenye shimo lililobaki nyuma yetu hakuna tofauti.

Baada ya ule msiba mdogo niliacha kutamani vya juu, nikaanza kutazama vilivyokuwa tayari vimenizunguka.

Ua wetu upande wa barabara ni wa mchongoma. Waswahili wanasema mchongoma kuupanda kuushuka ngoma, na kila mtoto wa mtaani kwetu ana alama ya kovu inayouthibitisha msemo huo. Lakini tukiwa wadogo tulijua pia kwamba ndani ya miba kuna tunda, jekundu linaloelekea weusi likiiva, lenye ukali na utamu pamoja, na kwamba mwenye mikono myembamba ndiye hupata. Upande wa mashariki kuna mkole ulioota wenyewe. Matunda yake ni madogo, mawili mawili au matatu yameshikana, nyama yake ni ngozi tu juu ya kokwa, lakini mtoto anaweza kushinda nayo mdomoni toka adhuhuri hadi magharibi. Kando ya choo uko mkwamba, ambao msimu wake ukifika hujaa shanga nyeupe kutoka tawini hadi nchani. Mforosadi niliupanda mwenyewe, kwa pingili niliyoikata kwa jirani. Ndani ya mwaka ulikuwa umezaa, na tangu hapo kanzu za watoto wa madrasa zimekuwa na madoa ya zambarau ambayo mama zao hawayafurahii. Vichaka hivi havikuniomba kitu. Nilipogoa, nikavitilia samadi ya mbuzi, nikakaa pembeni.

Lakini aliye mkubwa wao ni mkunazi.

Uko katikati ya uwanja, matawi yake yamening'inia, na upande wa chini wa jani una weupe kama vumbi la unga. Kunazi zake huiva kipupwe, zikitoka kijani kwenda njano kwenda kahawia yenye mikunjo, na katika hatua hiyo ya mwisho, ambayo mgeni angesema zimeharibika, ndipo huwa tamu kuliko wakati wote. Mama huzianika juu ya bati kisha huzitia kwenye mkebe. Ila mti huu una kazi nyingine, na ndiyo iliyonifanya niuone kwa jicho lingine. Akifariki mtu mtaani, kabla hata tangazo halijatoka msikitini, husikika hodi mlangoni. Wakati mwingine ni usiku wa manane. Aliyekuja huwa hana haja ya kueleza. Mama hutoka na taa, hushika tawi kwa chini, huchuma majani machanga na kuyatia kwenye beseni, kwa sababu maji ya kumwosha maiti wa Kiislamu hutiwa majani ya mkunazi. Huchuma taratibu na huchuma ya kutosha, wala hajawahi kuniruhusu nimsaidie. Mikono yake inajua miba iko wapi gizani. Nimeishi na mti huu miaka yote ya uhai wangu, na naweza kusema umewaosha karibu watu wote ninaowakumbuka.

Mafuriko yalipokuja, mti huo ulikuwepo. Ilikuwa mwisho wa Desemba 2009 na kuingia Januari 2010. Mkondoa ulijaa kwa mvua zilizonyesha juu, tuta lililokuwa likiukinga mji likapasuka, maji yakaingia nyumbani kwa watu. Reli ya kati ikakatwa vibaya kwenye bonde kati ya Kilosa na Gulwe, na maelfu ya wenzetu wakaishia kwenye mahema. Kwetu maji yalifika kiunoni na kuondoka baada ya siku mbili, yakaacha tope lililofika juu ya kizingiti. Lilikuwa tope jekundu lenye chembe zinazong'aa, si udongo wa Kilosa. Lilikuwa limetoka juu, kwenye miteremko iliyolimwa mpaka kwenye kingo za vijito. Nililiteka kwa koleo wiki nzima, na kila koleo nilifikiri: nilitaka kuishusha bustani ya mlimani nyumbani kwangu, na sasa imeshuka yote.

Mvua za masika zilipokuja, lile tope likaota. Ndulele, mnavu, majani nisiyoyajua, na miche miwili mitatu ya miti ambayo hata wazee wa mtaani hawakuitambua, yenye majani mapana yanayong'aa kama yaliyopakwa mafuta. Niliizungushia vijiti. Kiangazi kikaichukua, mmoja baada ya mwingine, kuanzia juu kwenda chini. Mkunazi, uliokuwa umezama nusu ya shina lake, ulitoa mizizi mipya ndani ya tope na mwaka uliofuata ukazaa kuliko miaka yote.

Kipupwe ndiyo majira ninayoyasubiri. Kule juu kukizidi baridi na ukungu, baadhi ya ndege wa milimani hushuka mabondeni kutafuta chakula, kisha hurudi joto likirejea. Wengi hawafiki mjini. Lakini mkwamba ukiwa mweupe na kunazi zikiwa za njano, nyumbani huja wageni ambao siwaoni miezi mingine, wanaochanganyika na wenyeji wetu, shore wenye kelele na kuzumburu wanaoning'inia kama nguo, na ninga wa kijani ambao huwaoni mpaka waruke. Nimekaa asubuhi nyingi na kikombe cha chai ya tangawizi nikiwatazama. Ndege mmoja mdogo, kijani cha zeituni, huingia ndani kabisa ya mkwamba penye kiza, humeza shanga kumi na tano au ishirini bila kutulia, halafu huketi kimya muda mrefu tawini, koo limetuna. Kisha huondoka kuelekea magharibi, upande wa Rubeho. Sijui jina lake la Kiswahili, na wala sidhani anazo habari za mtu aliyekaa kibarazani. Hubeba mbegu za nyumbani kwangu tumboni.

Mikumi mambo ni tofauti. Dada yangu ameolewa huko, na nyumba yao iko upande wa mwisho wa mji, ambako baada ya mashamba kuna nyasi na baada ya nyasi kuna hifadhi. Hifadhi ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na tembo wake hawajaonyeshwa mpaka wake kwenye ramani. Kwao tunda linaloiva karibu na nyumba ni mwaliko. Alikuwa na mwembe dodo aliokuja nao mche ukiwa kwenye kiriba. Usiku mmoja walisikia matawi yakivunjika, wakajifungia ndani na watoto mpaka alfajiri, na kulipopambazuka ukuta wa jiko ulikuwa chini. Shemeji aliukata mwembe siku hiyo hiyo. Vijiji vingine vya pembezoni mwa hifadhi huning'iniza mizinga ya nyuki, vingine hupaka kamba kwa oili chafu na pilipili. Dada yangu alichagua kutokuwa na kitu kitamu. Nyumbani kwake kuna mlimao, shubiri na maua ya karatasi. Kila nikimtembelea hunipeleka nyuma ya nyumba kunionyesha mche wa mng'ongo ulioota wenyewe kwenye lundo la kinyesi alichoacha tembo usiku ule. Kokwa yake hupita tumboni mwa tembo na kutoka ikiwa tayari kuota. Ameuacha. Anasema ukianza kuzaa watakuwa wamehama, na tunanyamaza wote wawili, kwa maana tunajua mti huo huchukua miaka na yeye hana mahali pengine pa kuhamia.

Mwaka jana, mwezi wa Julai, nilipanda tena Mandege. Safari hii nilibeba mimi: mkebe wa kunazi alizoanika mama, na nyingine mbichi nilizochuma asubuhi ile zikiwa bado na umande. Sikuwa na uhakika kama bibi yuko hai. Nilimkuta amekaa juani mbele ya nyumba, amejifunika vitenge viwili, macho yamefifia. "Shikamoo, bibi." "Marahaba. Nani wewe?" Nikamweleza. Alifikiri. "Yule wa galoni," akasema.

Nyuma ya jiko mfereji ulikuwa bado unapita, mwembamba kuliko nilivyoukumbuka, na kando yake, pale pale nilipochimba, yale maua yalikuwa yameziba shimo lote na kuteremka hadi kwenye jiwe la kufulia. Niliinama nikaligusa bua moja. Lilikuwa baridi. Tumba moja likapasuka mkononi mwangu.

Nilirudi nikampa kunazi moja iliyoiva. Aliila polepole kwa upande wa kinywa uliokuwa na meno, akaitema kokwa kiganjani, akaipeleka karibu na jicho.

"Nikiipanda itaota?"

"Huku kuna baridi, bibi."

"Basi italia," akasema. Akaifunga kokwa kwenye pindo la kitenge chake, akakaza fundo kwa meno, akaomba nyingine.